Mkulima wa Dakawa Akifika Japani Atazame Nini?

Wapo wananchi wengi wanaodhani kwamba kusafiri ng'ambo na kutazama nchi za watu ni anasa ya matajiri, na kwamba mtu wa jembe hana la kutafuta huko. Sisi hatukubaliani na fikira hizo. Twasema kwamba kati ya nchi zote zinazotembelewa na wageni duniani, Japani ndiyo ambayo mkulima wa mpunga wa Dakawa angeielewa upesi zaidi, pengine kuliko hata mtu aliyesoma vitabu vingi juu yake. Kwani mila nyingi za nchi ile, tangu ibada za mfalme wao hadi mkeka wa kulalia, zimetoka katika jaruba. Ubaya ni kwamba wale wanaobahatika kwenda huonyeshwa mambo mengine, au huyatafuta wenyewe: maghorofa ya Tokyo, taa za maduka, magari ya moshi yaendayo kama mshale. Hurudi na picha. Nasi tuliobaki nyumbani hatuambiwi jinsi maji yanavyogawanywa.

Dakawa si mahali pageni kwa wageni. Mtu atokaye Morogoro kwa barabara ya Dodoma, akiiacha milima ya Uluguru nyuma yake, husafiri zaidi kidogo ya kilometa 40 akafika kwenye mto Wami, na hapo huyaona mashamba ya mpunga yaliyonyooshwa kama daftari la mtoto wa shule, hekta zipatazo 2,000. Kituo cha utafiti kilichopo hapo kinaitwa Cholima, na jina hilo si Kiluguru wala Kikaguru. Ni la Kikorea, ni farasi mwenye mbawa wa katika ngano zao. Ndugu zetu wa ANC ya Afrika Kusini walijenga makazi hapo katika miaka ya 1980 walipokuwa wakipigania nchi yao. Wachina nao walifungua kituo chao cha kuonyesha ufundi wa kilimo mwaka 2011. Mbegu ya Saro 5, ambayo leo hii imeenea katika mabonde mengi ya Tanzania, jina lake la kitaalamu ni TXD 306, na ile D ni ya Dakawa. Basi watu wa hapo wamekwisha kuwapokea watu wa kila namna, na wajua vema tofauti ya mgeni aliyekuja kutazama na mgeni aliyekuja kujifunza. Ule msemo wa wazee, kwamba mgeni siku mbili na siku ya tatu mpe jembe, kwao si msemo wa kupamba hotuba.

Kwa hiyo tukimtuma kwa fikira mwana Dakawa mmoja aende Japani, twamtuma mtu mwenye macho. Garimoshi la umeme lilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, kwa hiyo hatua ya kwanza ya safari yake ni nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa baba zake. Viza hana budi kuiomba mapema. Ndege atabadilisha katika nchi za Uarabuni au Addis Ababa, na akifika atakuta saa za huko zimetangulia za kwetu kwa saa 6, hata jua linapokuchwa Tokyo hapa Dakawa jua bado liko juu.

Asidhani pia kwamba yeye ndiye wa kwanza. Bibi zetu wa pwani na wa bara walivaa kanga zilizochapwa Japani miaka mingi kabla ya viwanda vyetu kuanza kuzichapa. Na vijana wetu wa King's African Rifles walikutana na Wajapani kwa njia iliyo mbaya kupita zote, pale mkoloni Mwingereza alipowapeleka Burma wakapigane katika matope ya bonde la Kabaw mwaka 1944. Wengine hawakufika hata huko: tarehe 12 Februari mwaka huohuo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa watu karibu 1,300, na wengi miongoni mwao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hawakuwa na ugomvi wowote na Mjapani. Miaka 20 baadaye, Oktoba 1964, wanariadha wetu wachache walikwenda Tokyo katika michezo ya Olimpiki wakiitwa bado kwa jina la Tanganyika, ingawa Muungano ulikuwa umekwisha fanyika mwezi Aprili. Na huko walimshuhudia jirani yetu Abebe Bikila wa Ethiopia akishinda mbio ndefu kwa mara ya pili. Naye Juma Ikangaa wetu alishinda Tokyo mwaka 1984, na Fukuoka mwaka 1986. Wajapani wapendao mbio wamewajua Watanzania kwa miguu yao kabla ya kuwajua kwa jambo jingine.

Sasa atazame nini?

Aanzie Kyoto, mji mkuu wa zamani, kama wageni wote; lakini akiwa hapo aende Fushimi Inari. Wageni hufurika mahali pale kwa ajili ya milango myekundu ya mbao, maelfu kwa maelfu, iliyosimamishwa mmoja nyuma ya mwenziwe hadi juu mlimani, hata mtu huenda kama aliye ndani ya pango la rangi. Wengi hupiga picha wakaondoka wasijue kwamba Inari ni mungu wa mpunga. Sanamu za mbweha zilizopo kila mahali ni za wajumbe wake. Siku hizi wafanyao biashara ndio wanaotoa fedha za kusimamisha milango, na majina yao huandikwa nyuma ya nguzo. Maana fedha imechukua nafasi ya mavuno, lakini mungu ni yuleyule wa shambani. Katika kasri la Tokyo nako, mfalme wao hupanda mpunga kwa mkono wake mwenyewe kila mwaka na kuuvuna kwa mundu, na sehemu ya mavuno hayo hupelekwa Ise, penye hekalu lililo kuu kuliko yote. Hekalu hilo hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20. Lilijengwa mara ya mwisho mwaka 2013, na zamu nyingine ni 2033. Twaomba msomaji alitafakari jambo hili kidogo. Sisi tumezoea kudhani kwamba kitu cha kale ni kile kisichoguswa. Wao wanacho cha kale kwa sababu kila kizazi cha mafundi hulazimika kujifunza kukijenga tangu msingi, mzee akiwa bado hai wa kumkosoa kijana. Pampu ngapi nchini zimelala kwa sababu fundi aliyezifunga aliondoka na ujuzi wake kichwani?

Juu ya mfalme kupanda mpunga, sisi tulio raia wa jamhuri hatuhitaji kumwonea wivu mtu yeyote mfalme wake. Viongozi wetu nao wamepigwa picha nyingi wakiwa na jembe mkononi. Lakini yapaswa kukiri kwamba nchi ambayo mkubwa wake lazima arudi shambani kila mwaka, hata kama ni kwa ibada tu, imeliweka shamba mahali pa heshima.

Mezani atapata taabu ndogo. Wali wao haupikwi kwa nazi, hauna mafuta wala chumvi. Punje zake ni fupi na hushikana, ndiyo maana vijiti viwili vyatosha kuuinua. Mtu wa Dakawa aliyezoea mchele wenye harufu nzuri ataona kama amepewa wali wa mgonjwa. Avumilie hadi siku ya tatu. Ataona pia kwamba kabla ya kula kila mtu hufumba viganja na kutamka neno la kupokea chakula kwa unyenyekevu, na kwamba watoto hufunzwa kutobakiza punje katika bakuli. Viatu huvuliwa mlangoni, na hilo halitampa shida mtu aliyelelewa katika nyumba za kwetu. Kabla ya kuingia katika birika la maji ya moto la pamoja, mtu huoga kwanza pembeni akatakata kabisa, ndipo aingie, kwani maji yale ni ya watu wote. Tungependa adabu hiyo ya birika ifike kwenye mifereji.

Na atazame mabua. Huku kwetu mavuno yakiisha, mabua ya mpunga mara nyingi huchomwa moto, na moshi wake waonekana toka barabarani. Kwa Mjapani wa zamani bua lilikuwa mali: alisokota kamba, alifuma kandambili, aliezeka, alijaza ndani ya mkeka mnene uitwao tatami, ambao juu yake hufumwa kwa majani ya namna ya ukindu. Hata leo kamba nene ya mabua ya mpunga hutundikwa katika milango ya mahekalu kuonyesha mpaka wa mahali patakatifu. Hatusemi kwamba wakulima wetu waanze kuvaa kandambili za mabua. Twasema kwamba kinachochomwa moto kilikwisha kulipiwa kwa maji na kwa jasho.

Lakini tunalotaka hasa alitazame ni maji yenyewe. Kusini, katika kisiwa cha Kyushu, liko daraja la mawe liitwalo Tsujunkyo, lililojengwa mwaka 1854. Halikujengwa kwa ajili ya watu kupita. Lilijengwa ili mifereji ya mawe iliyo ndani yake ivushe maji juu ya bonde na kuyafikisha kwenye uwanda uliokuwa mkavu, ambao wanavijiji wake walikuwa wakitazama mto chini yao wasiweze kuufikia. Mkuu wa vijiji vile, Futa Yasunosuke, ndiye aliyeisimamia kazi hiyo. Siku nyingine maji hufunguliwa yakaruka pande zote mbili za daraja kwa nguvu nyingi, na wageni hupiga makofi. Mwanzo wake si maonyesho hata kidogo, ni njia ya kusafisha matope yaliyotuama ndani ya mifereji. Mwaka 2023 serikali yao ililiweka daraja hilo katika hazina za taifa. Tetemeko la mwaka 2016 lililiharibu, nao wakalitengeneza, na hadi leo maji yapita humo kwenda mashambani. Sisi twapenda sana habari hii, kwamba kivutio cha wageni ni kitendo cha kuzibua mfereji.

Karibu na Tokyo, katika mji wa Kawasaki, kuna kitu kingine ambacho waongoza wageni hawakitaji. Ni kisima cha zege cha duara, kilichojengwa mwaka 1941 katika mfereji wa Nikaryo. Maji huibuka katikati yake, yakamwagika sawasawa pembeni mwa duara, na duara hilo limegawanywa kwa kuta kufuata ukubwa wa mashamba ya kila upande. Mwenye shamba kubwa ana upana mkubwa, mwenye dogo ana mdogo, na mtu yeyote, hata mtoto, aweza kusimama hapo akahakikisha kwa macho kwamba hakuna aliyeibiwa. Zamani watu wa huko walipigania maji hata kumwaga damu. Hawakuwa malaika. Walichofanya ni kuuondoa mgao katika ulimi wa mtu na kuuweka katika zege.

Kwa nini twalikazania jambo hili? Kwa sababu sisi tumekwisha kuletewa Japani hapahapa na tukaona upungufu ulipo. Mradi wa mpunga wa Moshi ya chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulikuwa na mifereji mizuri, mbegu nzuri na upandikizaji wa mistari ulionyooka, hata mavuno yakawa ya kushangaza. Ndipo watu walioko juu ya mto, walipoona faida, nao wakaanza kulima mpunga na kuyakinga maji, na mashamba mengi ya mradi yakabaki makavu. Hilo halikuwa kosa la zege. Mapatano ya watu wa juu na wa chini hayakuletwa pamoja na saruji, wala hayawezi kuletwa. Dakawa nako maji ya Wami hupandishwa kwa pampu za umeme, na ushirika wa wakulima, UWAWAKUDA, huupata mzigo wa umeme huo kila msimu. Mwenye jaruba la mwisho wa mfereji analipa sawa na wa mwanzo, nayo maji humfikia baada ya wengine wote. Wataalamu wetu wengi wa kilimo wamepita katika kituo cha JICA cha Tsukuba wakajifunza mpunga. Twawapongeza. Twawauliza tu kama kuna aliyekwenda Kawasaki, safari ya saa chache, kutazama duara lile.

Milima ya Uluguru nayo ina neno katika habari hii. Wageni wa Japani hupelekwa rasi ya Noto kutazama Shiroyone Senmaida, majaruba 1,004 madogo yaliyopangwa ngazi kwa ngazi katika mteremko hadi ukingoni mwa bahari, mengine si makubwa kuliko kitanda. Ni pazuri mno. Mluguru akisimama pale lazima akumbuke neno matuta. Kwani na sisi tuliamriwa matuta: mkoloni baada ya vita alileta mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, akawalazimisha watu kuchimba ngazi milimani kwa kazi isiyo na malipo, na mahali pengine ngazi hizo zilifukua udongo mbaya na kuufukia ulio mzuri, hata mazao yakapungua. Mwezi Julai 1955 watu waliukataa mpango huo, polisi wakafyatua risasi Matombo, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa pia. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Wapo waliosema tangu hapo kwamba Mluguru ni mvivu wa matuta. Mbona Wajapani hawakufyatuliwa risasi ili wachimbe majaruba 1,004? Walichimba kwa sababu mavuno yalikuwa yao na ngazi zilikuwa zao. Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko kubwa liliipasua Noto, na majaruba mengi yakapata nyufa. Msimu uleule wenyeji, ambao wengine nyumba zao zilikuwa zimeanguka, walitengeneza majaruba kama 120 wakayapanda.

Msafiri wetu asirudi pasipo kufika Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, Wamarekani waliangusha juu ya mji ule bomu la kwanza la atomiki, na siku tatu baadaye jingine juu ya Nagasaki. Jengo moja lenye kuba lililobakia mifupa limeachwa hivyohivyo hadi leo, katikati ya mji uliojengwa upya. Wanafunzi huja kwa mabasi, wakakaa kimya. Yeye atokaye Afrika ana sababu moja zaidi ya kukaa kimya: sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika kazi ile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ya Kongo, na wachimbaji wake walikuwa Waafrika wasioambiwa wanachimba nini. Chama cha wale walionusurika, Nihon Hidankyo, kilipewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2024. Wazee hao bado wanasimulia, ingawa wanapungua kila mwaka.

Hatutaki mtu afikiri kwamba twamtuma msafiri akasujudu. Vijiji vya mpunga vya Japani vinakufa taratibu. Umri wa kadiri wa wakulima wao unakaribia miaka 70. Vijana wamekwenda mijini, na mashamba mengi yameota nyasi. Kwa miaka zaidi ya 40, tangu mapema miaka ya 1970 hadi 2018, serikali yao iliwalipa wakulima ili wapunguze kulima mpunga, bei isishuke. Matunda yake yalionekana mwaka 2024 na 2025, mchele ulipoadimika madukani na bei yake ikapanda karibu mara mbili, hata serikali ikafungua maghala ya akiba. Katikati ya dhiki hiyo waziri wa kilimo, Taku Eto, alisema hadharani kwamba yeye hajapata kununua mchele, kwa kuwa wafuasi wake humpa mwingi. Alijiuzulu Mei 2025. Habari hiyo nayo iletwe Dakawa pamoja na za mifereji, na isomwe kwa sauti mbele ya viongozi.

Limebaki jambo la Nagai, na hili ni la uchungu kidogo. Nagai ni mji mdogo wa jimbo la Yamagata, kaskazini, nchi ya theluji na mpunga. Ulikuwa mwenyeji wa Tanzania kwa michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na mwezi Agosti 2025, katika mkutano wa Japani na Afrika uliofanyika Yokohama, JICA iliutangaza kuwa kama mji wa nyumbani wa Tanzania huko Japani, ili watu wabadilishane ziara na ujuzi. Baadhi ya magazeti ya Afrika yaliandika kana kwamba mji wenyewe tumepewa sisi. Uvumi ukaenea Japani kwamba Waafrika watahamia kwa wingi. Simu za hasira zikamiminika katika ofisi ya mji, na mwezi Septemba mpango mzima ukafutwa.

Kosa lilikuwa la pande mbili. Wenye hofu walihofia watu wasiowajua, nasi kwa upande wetu tulikuwa na waandishi walioshangilia zawadi ambayo hakuna aliyeitoa. Watu wa Dakawa, waliowahi kuishi mlango kwa mlango na wageni wa Afrika Kusini kwa miaka mingi, wangeweza kuwaeleza watu wa Nagai jambo moja au mawili juu ya kuishi na wageni. Hakuna aliyewauliza.

Mpango umefutwa, lakini mji upo, na garimoshi bado linafika. Huko miche hupandikizwa mwezi Mei, theluji ikiwa bado yaonekana vileleni, na mavuno huanza mwishoni mwa Septemba. Dakawa wakati huo mavuno makubwa yamekwisha ingia ghalani na fedha zimekwisha patikana. Kwa hiyo mkulima wetu aombe viza mwezi Julai.